Mpira wa Mkojo na Nadhiri za Lidia

Jumanne, 5 Agosti

Baridi. Ukungu mpaka mchana. Daktari Ambokile ameniagiza niwe naandika kila siku: nimekunywa nini, maumivu yamekuja lini, yamekaa kwa muda gani. Sawa. Naandika.

Nimekunywa: maji, nusu kikombe. Kahawa siihesabu, ni ya shamba langu mwenyewe.

Maumivu: yamekuja. Yameondoka. Yamerudi.

Mambo yenyewe ni haya. Mwezi uliopita mkojo ulinifunga. Hautoki hata tone. Hospitalini wakasema tezi dume imevimba, wakaniwekea mpira wa mkojo pamoja na mfuko wake, nao unafungwa pajani kwa kamba. Nitakaa nao mpaka siku ya upasuaji, mwezi wa tisa. Nikadhani shida imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza! Kibofu kinabana ghafla, kinanikunja kama nimepigwa teke, na mkojo unapita pembeni ya mpira na kulowesha suruali. Mzee mzima!

Daktari ni kijana wa Tukuyu, mpole, ananiamkia shikamoo kabla hata sijakaa. Amenieleza kwamba kibofu ni msuli. Kikiugusa ule mpira kinadhani ni kitu cha kutolewa, basi kinajikaza kuusukuma nje. Hakijui tofauti. Akasema ninywe maji kidogo kidogo mchana kutwa, niache kahawa, niache na chai, nile mboga na papai ili choo kisiwe kigumu. Mpira usikunjwe wala kuvutwa. Mfuko ukae chini ya kibofu siku zote. Kikibana nisishindane nacho, nipumue taratibu mpaka kiachie. Akanipa vidonge vya kukilegeza. Na mfuko ukikaa mkavu huku tumbo linauma, niwahi hospitali siku hiyohiyo.

Niache kahawa! Mimi, mtu wa Namswea, kijiji cha kahawa! Daktari kwao wanalima chai, lazima aichukie kahawa yetu. Chai nayo kaikataza, lakini hiyo ni geresha tu.

Anayejua habari hizi ni mke wangu Walburga peke yake. Wengine wote niliwaambia kwamba siku zile nilikuwa Songea, kwenye semina ya kahawa.

Nina sababu. Tarehe kumi na tano binti yetu Lidia anaweka nadhiri za kwanza kwa masista, kule ziwani, jirani na Lituhi. Wakiitwa majina, kila baba na mama wanainuka na kumsindikiza mtoto wao mpaka altareni. Nimeingoja siku hiyo tangu alipoondoka hapa na sanduku lake la bati. Sina mtoto mwingine. Na yupo Ildefonsi, kaka yake Walburga, mwenyekiti wa parokia, mwenye gari aina ya Noah. Amekwisha kusema mbele ya watu kwamba shemeji akijisikia vibaya, yeye yuko tayari kumsindikiza mtoto. Yuko tayari! Yuko tayari tangu siku ya ubatizo. Akijua nina mpira, nimekwisha.

Alhamisi, 7 Agosti

Msiba. Ildefonsi kaja asubuhi na kikundi kizima cha wakulima. Wanataka kufundishwa yale niliyojifunza Songea. Nikawaambia nimechoka. Ildefonsi akasema, kwa ile sauti yake ya matangazo ya kanisani, kwamba elimu ya semina ni ya wote. Huyu mtu!

Nikawapandisha shambani juu kabisa, kwenye mteremko wa ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia milimani, nikitumaini wazee watachoka njiani. Hawakuchoka. Aliyechoka ni mimi. Nikaanza kueleza habari za kupogolea, mambo wanayoyajua tangu hawajaota meno. Katikati ya maneno kibofu kikabana. Nikaushika mkahawa kwa mikono miwili, nikachuchumaa, nikafumba macho, nikapumua taratibu kama alivyoagiza daktari. Kikaachia. Kweli kikaachia! Nilipofumbua macho, kikundi kizima kilikuwa kimechuchumaa, kila mmoja ameshika mkahawa wake, wanapumua. Mzee Urbani akauliza kama jambo hilo linafanywa kabla ya kuvuna au baada. Nikasema kabla. Akauliza mbona mimi nimekwisha kuvuna. Nikasema ndiyo maana mavuno yangu mwaka huu ni mabaya.

Ildefonsi peke yake hakuchuchumaa. Alikuwa anaitazama suruali yangu. Nikamwambia ni umande.

Nimekunywa: kahawa, ya kutuliza moyo. Maji sikunywa kabisa. Nimefikiri hivi: nisipokunywa, kibofu kitapata wapi cha kutoa? Ajabu, daktari na kusoma kwake kote hakuliwaza hilo.

Jumapili, 10 Agosti

Mkojo umekuwa mweusi kama chai iliyochemka sana, na unachoma. Kibofu kinabana zaidi ya mwanzo. Sielewi. Labda kimezoea vidonge, basi tangu Ijumaa nameza viwili badala ya kimoja. Mdomo umekauka hata siwezi kumeza ugali, na chooni sijapata kitu. Walburga ameleta papai. Nikamwambia mimi si mtoto mchanga. Akalirudisha jikoni.

Leo nimejaribu mpango wa koti. Mfuko ukiwa pajani unaonyesha uvimbe. Nikaupandisha nikautia mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, mpira ukipita chini ya shati. Nikajitazama kwenye kioo: mtu mnene kidogo upande mmoja, mwenye heshima zake. Mpaka Injili mambo yalikuwa mazuri, ila tumbo lilikuwa linajaa tu na mkojo hautaki kupanda. Ilipofika kutakiana amani, Ildefonsi akatoka benchi lake, akavuka kanisa zima, akanikumbatia. Akanikamua! Mkojo uliokuwa mfukoni tangu asubuhi ukarudi ulikotoka. Nilitamani kulia. Akauliza nina nini kifuani, cha moto hivi. Nikasema chupa ya maji ya baraka. Akafurahi sana, akaomba nimgawie kidogo ampelekee mama mkwe wake, miguu inamsumbua. Nikatoka kanisani kabla ya komunyo.

Baada ya misa akanifuata nyumbani. Akasema Alhamisi atatupeleka ziwani kwa Noah yake, na kwamba atakuwa anasimama njiani kila tutakapotaka. Kwa nini aseme hivyo? Nani amemwambia kwamba nitataka kusimama? Nikamjibu kwamba mimi nikipanda gari sishuki mpaka nifike.

Walburga amesema nimwambie Lidia ukweli. Ni mtoto wangu, ataelewa. Nikasema ataelewa, kisha atamtafuta wa kushika nafasi yangu. Walburga akatoka kwenda kuanua kahawa.

Jumanne, 12 Agosti

Nimepata! Nimepata! Nashangaa sikuliwaza mapema.

Tulipokuwa tunasafisha kahawa kwenye mtambo wa kijiji, ukitaka kusimamisha maji huhitaji koki. Unaukunja mpira wa maji, unaufunga kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, basi. Maji yanatulia mpaka utakapofungua. Sasa mpira si mpira tu? Nimekata ukanda mwembamba wa tyubu, nikaukunja mpira wangu mara moja, nikafunga. Mfuko ukawa mkavu, umelala pajani kama leso. Nikavaa suruali ya suti. Hakuna kitu! Nikazunguka uani mara kadhaa kama mchumba.

Halafu tumbo likaanza kuuma, nikafungua, yakaisha. Jaribio limefaulu. Misa ya nadhiri si ndefu sana.

Nakumbuka daktari alisema mpira usikunjwe. Lakini alikuwa anazungumzia kukunjika kwa bahati mbaya. Huku ni kukunja kwa makusudi, tena kwa mtu mwenye uzoefu.

Nimekunywa: kahawa, kujipongeza.

Alhamisi, 14 Agosti

Tumefika ziwani. Joto. Harufu ya usipa, dagaa wa huku, wanaoanikwa mchangani. Njiani Ildefonsi alisimamisha gari kila kilima, akisema anataka kunyoosha mgongo. Mara zote alishuka, akatembea mbali, akageuka kutazama upande mwingine. Mara zote nikabaki nimekaa, nimekaza meno. Sishuki.

Masista wametupokea vizuri. Lidia sikumwona, wako kwenye mafungo.

Sasa nasikia uchungu. Katekista Clemence, ndiye mkuu wa itifaki, alitupitisha kanisani kutuonyesha mahali pa kukaa. Wazazi wote benchi la mbele, katikati, majina yamebandikwa. Walburga benchi la mbele. Karibu yake jina la nani? Ildefonsi! Na mimi? Mimi baba wa mtoto? Kiti cha plastiki. Cha peke yake. Pembeni, karibu na mlango wa ubavuni, nyuma ya nguzo. Ukitoka mlango ule unaingia moja kwa moja vyooni! Nikamwuliza Clemence nani kapanga hivi. Akatazama chini, akasema ameagizwa na wakubwa.

Wakubwa! Najua ni mkubwa yupi. Mwenyekiti wa parokia hashindwi kumpigia simu mkuu wa itifaki.

Sikugombana. Nimejifunza kunyamaza. Wenzangu walipokwenda kunywa chai, nikarudi kanisani, nikabandua karatasi ya Ildefonsi nikaibandika kwenye kiti cha plastiki. Yangu nikaiweka benchi la mbele, katikati kabisa, wazazi kulia, wazazi kushoto. Nikapiga goti nikatoka.

Kesho atakaa yeye nyuma ya nguzo. Kesho mwanangu atanishika mkono.

Ijumaa, 15 Agosti

Naandika nikiwa nimelala. Hospitali, hukuhuku ziwani. Nitaandika kwa kifupi.

Asubuhi nilifunga ule ukanda. Nilifunga vizuri, mara mbili, ili usifunguke. Suti ilinikaa. Walburga alipoona nimekuja kukaa benchi la mbele alishtuka, akaninong'oneza nirudi kwenye kiti changu. Nikamwambia kiti changu ni hiki. Akataka kuinuka, lakini kengele ikapigwa, maandamano yakaingia, Baba Askofu nyuma yake. Ildefonsi niliona anahangaika kutafuta jina lake, mwishowe akakaa kule pembeni. Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi sana.

Mahubiri yakawa marefu. Askofu alianza na Abrahamu. Alipofika kwa Musa tumbo lilikuwa gumu kama jiwe. Nikapumua taratibu. Halikuachia. Nikatia mkono ndani ya suruali, chini ya kitabu cha nyimbo, nifungue. Fundo limekaza, na mama wa kulia kwangu akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Nikautoa mkono. Kutoka siwezi: magoti ya watu huku, magoti ya watu huku.

Wakaanza kuita majina. Mmoja mmoja, mabinti wanaitika, baba na mama wanainuka, vigelegele. Lidia akaitwa wa mwisho. Akasema nipo hapa, sauti yake ileile ya kuitika akiwa jikoni. Hakuja upande wetu. Akaenda pembeni, moja kwa moja kwenye ule mlango wa ubavuni, akasimama mbele ya kiti cha plastiki, na mkono ameshaunyoosha. Pale alikaa mjomba wake. Nilimwona akisimama pale na mkono hewani, anageuza kichwa, ananitafuta.

Nikainuka. Nikasema niko hapa, mwanangu. Labda sikusema, labda nilitaka tu kusema. Kibofu kikabana mbano ambao sijawahi kuuona, nikaanguka kwa magoti katikati ya benchi na benchi, na kila kitu kikapita pembeni ya mpira, kwenye suti, kwenye viatu, sakafuni. Nikapiga ukelele. Kwaya ikadhani ni furaha ya mzazi, ikaongeza sauti.

Ildefonsi alikuja mbio. Alivua koti lake, akanifunika kiunoni, akanibeba. Mimi, mzee mzima, kanibeba mikononi mbele ya Baba Askofu na ziwa zima. Ndivyo alivyo, lazima aonekane. Alinitoa kwa mlango ule wa pembeni, na Noah ilikuwa imeegeshwa palepale nje.

Kwa hiyo Lidia alikwenda altareni na mama yake tu. Upande wa baba hapakuwa na mtu.

Jumamosi, 16 Agosti

Wamebadilisha mpira. Kuna maambukizi, kuna damu, nimetundikiwa dripu. Upasuaji umeahirishwa. Nesi, jina lake Tumpe, alikata ule ukanda wa tyubu kwa mkasi, akauinua, akaniuliza hiki ni nini baba. Nikasema sijui.

Walburga amekuja. Alikaa, akafunga kitenge chake, akafungua, akafunga tena. Kisha akasema yote kwa mkupuo. Kwamba ni yeye aliyempigia simu Mama Mkuu wa masista, wiki nzima iliyopita, akaeleza habari za mpira. Kwamba Lidia alipoambiwa alikwenda mwenyewe kuomba kiti kile, mlango ule, choo kile karibu. Akaomba aitwe wa mwisho, azunguke kwa pembeni amfuate baba yake alipo, ili baba asitembee sana. Ildefonsi aliwekwa karibu na Walburga ili awe wa kumtuma endapo kungetokea jambo. Na Ildefonsi naye alijua. Alijua tangu siku ile shambani, kwa macho yake tu. Hakumwambia mtu hata mmoja. Gari aliliegesha mlangoni kwa ajili yangu.

 Nikamwona Lidia tena na mkono wake hewani. Kifua kikaniuma kuliko kibofu, na hilo naliandika hapa ingawa daktari hakuliuliza.

Halafu nikawaza. Kama walijua wote, mbona hakuna aliyeniambia? Nikamwuliza Walburga. Akasema kila aliyejaribu kuniambia nilimkatiza. Nikamwambia hapo hapo kwamba hii lazima ni mipango ya kaka yake, amewapanga wote, na yeye Walburga akapangwa bila kujijua.

Akainuka. Akasema amechoka. Hakusema kwa hasira, alisema kama mtu anayetaja habari ya mvua. Miaka yote hii sijapata kumsikia akisema hivyo. Akaacha chupa ya maji na papai lililomenywa.

Nimekunywa: maji, kidogo. Papai limeliwa na jirani yangu wa kitanda.

Jumatatu, 18 Agosti

Walburga alinipa taarifa jana. Lidia amepangiwa kazi Sumbawanga, kufundisha watoto wa chekechea. Anaondoka leo, Ildefonsi anawapeleka yeye na mwenzake mpaka Songea kupanda basi. Nyumbani hatafika mpaka mwakani, labda na zaidi. Atapita hospitalini kuniaga.

Nimefikiri asubuhi nzima. Mtoto aniage nikiwa hivi? Na mfuko unaning'inia kando ya kitanda, una damu, kila apitaye anauona? Akae Sumbawanga mwaka mzima akinikumbuka na mfuko? Hapana. Baba ana heshima yake.

Niliposikia Noah inaingia getini nikauvuta mfuko juu, nikauficha chini ya paja, nikaulalia na mpira wake, nikavuta blanketi mpaka kidevuni. Nikamwomba nesi Tumpe aseme nimechomwa sindano ya usingizi. Tumpe akasema mpira ule utajikunja. Nikamwambia ni kwa muda mfupi tu. Akasema hatasema uongo, akatoka. Basi nikafumba macho mwenyewe.

Akaingia. Viatu vyake vipya vinalia sakafuni. Akakaa ukingoni mwa kitanda, nikasikia harufu ya pasi kwenye nguo yake. Akaniita, baba. Sikuitika. Akanishika mkono, akaniita tena, polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mwingine lakini anatamani aamke. Akasema ametamani sana tuzungumze. Akasema hajakasirika.

Hapo kibofu kikabana. Mtu aliyelala hagumii. Nikakaza meno, jasho likanitoka, na machozi nayo. Lidia akanifuta uso kwa kiganja. Akamwambia mama yake pale mlangoni kwamba baba anaota ndoto mbaya, maskini. Nikasikia hatua za Walburga zikitoka nje.

Alikaa sana. Nje Ildefonsi akapiga honi mara moja, kwa kusita, kisha akaacha. Lidia bado akakaa. Alikuwa anangoja niamke. Nilikuwa nazisikia pumzi zake. Mwishowe akaniachia mkono, akauweka vizuri juu ya blanketi, akaenda.

Nimengoja mpaka sauti ya gari ikaishia kabisa kwenye mlima ndipo nikafumbua macho. Nikachungulia blanketi. Lilikuwa limetulia vizuri, kila kitu mahali pake.

Hakuuona mfuko. Safari hii mpango umekwenda sawasawa.